Dirisha Lenye Anwani

Muulize mtu aliyehamia kwenye eneo-kazi la vigae kwa nini alihama, atakutajia sababu tatu bila kusita: ni jepesi, ni la haraka, linapendeza. Zote zina ukweli ndani yake, lakini ukizibana kidogo hakuna inayosimama peke yake. Faida kubwa ya mpango huu iko kwingine, na huwezi kuiona mpaka uzipime kwanza hizo zinazotangulizwa.

Kwa asiyeujua mpango wenyewe: kwenye Linux, kazi ya kuamua dirisha litokee wapi, liwe na ukubwa gani na lipi liwe mbele hufanywa na programu maalumu, msimamizi wa madirisha. Wasimamizi tuliowazoea, wa Windows, wa macOS na wa GNOME, huyaacha madirisha yaelee, moja juu ya jingine, na mtumiaji huyavuta kwa kipanya. Programu za vigae haziachi dirisha lifunike jingine. Ukifungua la kwanza linajaza skrini nzima; ukifungua la pili skrini inagawanywa; la tatu nalo linamegewa nafasi yake, na kadhalika. Hakuna aikoni kwenye mandhari, hakuna alama ya kufungia dirisha pembeni, na karibu kila kitu huamriwa kwa kibodi. Zinazotajwa zaidi ni i3, dwm, xmonad, bspwm, awesome, Sway na Hyprland.

Tuanze na wepesi. Ni kweli kwamba i3 yenyewe hula megabaiti chache tu za RAM, na kompyuta yenye Debian na i3 tupu huwaka ikiwa imetumia megabaiti mia chache, wakati GNOME huweza kupita gigabaiti moja kabla hujafungua chochote. Kwa mwenye ThinkPad au EliteBook ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4, zile zinazopangwa kwenye kaunta za Kariakoo na Luthuli Avenue, tofauti hiyo anaiona kwa macho. Lakini akishafungua kivinjari na vichupo kumi, akiba yote imeliwa. Isitoshe, wepesi hauhitaji vigae. Xfce na LXQt ni nyepesi, madirisha yake yanaelea, na anayehamia kutoka Windows hahitaji kusoma mwongozo wowote ili azitumie.

Kasi nayo ina hesabu yake. Kubonyeza vitufe viwili ni haraka kuliko kupeleka mkono kwenye kipanya, kutafuta kielekezi na kulenga. Ila sekunde hizo huokolewa na mtu anayebadilisha madirisha mara mamia kwa siku, naye mara nyingi ni mwandishi wa programu au fundi wa seva. Mhasibu anayeshinda ndani ya lahajedwali moja haokoi kitu. Na hata huyo fundi, ukijumlisha saa alizotumia kurekebisha faili lake la usanidi, sijui kama deni limekwisha lipwa.

Uzuri ndio unaovuta vijana wengi zaidi, na ndio ninaouamini kidogo zaidi. Picha za skrini zinazosambaa mitandaoni zinafanana: terminali tatu zenye rangi za Gruvbox, Nord au Catppuccin, moja inaonyesha jina la mfumo endeshi, nyingine inachora mawimbi ya muziki, ya tatu haifanyi lolote. Kati ya terminali hizo kuna nafasi pana zinazoonyesha mandhari nyuma. Hiyo ni skrini iliyopigwa picha, si skrini inayofanyiwa kazi. Mtu akiwa kazini kweli, skrini yake ina hati ya PDF, barua pepe na kivinjari chenye tovuti nyeupe pe isiyojua Gruvbox ni nini.

Kinachobaki ni hiki: kwenye eneo-kazi la vigae lililopangwa vizuri, kila dirisha lina anwani, yaani namba ya kudumu inayofikiwa kwa vitufe viwili. Kivinjari kiko namba 2. Barua iko namba 9. Hati ninayoiandika iko namba 1, leo, kesho na mwezi ujao. Kwenye madirisha yanayoelea, kulipata dirisha ni kulitafuta kila mara: unabonyeza Alt na Tab, unatazama orodha inayobadilika kila unapoitumia, unalitambua, unaachia. Kwenye vigae unalipata bila kutazama. Mkono unakwenda kwenye namba 2 kabla macho hayajaondoka kwenye sentensi uliyokuwa unaisoma.

Ukiangalia historia kwa jicho hilo, mambo kadhaa yanaeleweka. Vigae si mtindo mpya. Windows 1.0, iliyotoka Novemba 1985, ilipanga madirisha yake kwa vigae, na visanduku vya mazungumzo tu ndivyo vilivyoweza kukaa juu ya madirisha mengine. Wengi hudhani Microsoft walifanya hivyo kwa kuiogopa Apple. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba Scott McGregor, aliyeiongoza timu ya Windows 1.0, alitoka maabara ya Xerox PARC, alikofanyia kazi mfumo wa Cedar uliopanga madirisha kwa vigae. Alikuja na imani yake. Tatizo likawa skrini. Kadi ya CGA ya wakati ule ilitoa nukta 640 kwa 200. Gawanya skrini hiyo kwa madirisha manne: kila moja linabakiwa na nukta 320 kwa 100, yaani herufi 40 kwa mistari 12 hivi, kabla hujatoa upau wa jina na menyu. Kazi gani ya ofisi inafanyika humo? Windows 2.0 ya mwaka 1987 ikaruhusu madirisha kufunikana, na kwa miaka mingi ikaonekana kesi imekwisha.

Lakini mwaka 1986, katika maabara hiyohiyo ya Xerox PARC, zilitoka kazi mbili ambazo nadhani zinapaswa kusomwa pamoja. Sara Bly na Jarrett Rosenberg waliwapa watu kazi za kufanya kwenye madirisha ya vigae na kwenye madirisha yanayofunikana, kisha wakapima muda. Pale ambapo maudhui yaliingia vizuri kwenye umbo la dirisha, vigae vilishinda. Pale ambapo dirisha lilihitaji kusogezwa na kupanuliwa kila mara, watumiaji waligawanyika: baadhi walikuwa wepesi zaidi kwenye yanayofunikana, wengine wakawa wazito zaidi. Kazi ya pili ni ya Austin Henderson na Stuart Card, mfumo walioupa jina Rooms. Wao walitazama ufinyu wa skrini na kusema kwamba dawa yake ni kumpa mtumiaji skrini kadhaa, kila moja kwa kazi moja, ahame kati yake. Hizo ndizo skrini pepe tunazozijua leo.

Windows 1.0 ilikuwa na vigae bila skrini pepe: kila kilichofunguliwa kiligombea ubao mmoja uleule, au kikashushwa kuwa aikoni chini. Programu za vigae za leo zina vyote viwili, na skrini pepe tisa au kumi zote ziko umbali wa vitufe viwili. Ndiyo maana nasema vigae ni nusu ndogo ya jambo. Nusu kubwa ni ile namba. Vigae vinasaidia kwa kuwa, ukishafika kwenye namba 2, unajua hakuna dirisha jingine lililojificha nyuma ya unaloliona.

Kwa karibu, jambo lenyewe ni dogo hivi. Katika faili la usanidi la i3 kuna mistari kama hii:

bindsym $mod+2 workspace number 2
assign [class="firefox"] number 2

Wa kwanza unasema kitufe cha $mod pamoja na 2 kitupeleke skrini pepe ya pili. Hiyo $mod kwa kawaida huwekwa kwenye kitufe chenye nembo ya Windows, kwa sababu Alt hugongana na menyu za programu nyingine. Wa pili unasema Firefox, popote itakapoanzishwa, ikakae huko. Jina lililo ndani ya alama za kunukuu lazima liwe lile programu inalojitambulisha nalo, na herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Wengi hukwama hapo mpaka waendeshe amri ya xprop, wabofye dirisha na kusoma jina lake halisi. Ukiandika mistari kama hiyo kwa programu tano au sita unazozitumia kila siku, sehemu kubwa ya faida umeshaipata. Mengine yote ni nyongeza.

Programu zenyewe zinatofautiana katika swali moja: nani anaamua mgawanyo wa skrini, mashine au mtumiaji? dwm, iliyoandikwa na Anselm Garbe kuanzia 2006, inajibu kwamba ni mashine. Kuna dirisha kuu upande wa kushoto, na mengine yote yanapangwa safu kulia. Likifungwa moja, yaliyobaki yanajipanga yenyewe. xmonad ya 2007, iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell, na awesome, iliyochipuka kutoka dwm, zinafuata njia hiyohiyo. Mtumiaji hafikirii mgawanyo hata kidogo. Anachofikiria ni lipi liwe kuu.

i3, iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009 kwa kutoridhika na programu iliyoitwa wmii, inajibu kwamba ni mtumiaji. Kila skrini pepe ni mti wa makasha: kasha linaweza kugawanywa kwa ulalo au kwa wima, ndani yake pakawa na kasha jingine, nalo likawa na vichupo. Uwezo ni mkubwa, na mtego wake pia upo. Unabonyeza $mod na v ili dirisha lijalo likae chini, kisha simu inaita na unasahau. Nusu saa baadaye unafungua terminali, inatokea mahali usipotarajia, ikiwa imebanwa ndani ya kasha usilokumbuka kulitengeneza. Unaisogeza kulia, inaruka kasha moja badala ya mawili. Anayeanza hudhani programu ina kasoro. Haina, inatii mti ambao yeye hauoni.

Kati ya hizo mbili, kwa anayeanza ningemshauri i3, na sababu haihusu mti huo hata kidogo. Mwongozo wake ni mojawapo ya nyaraka bora kabisa za programu huria, na faili lake la kwanza linafanya kazi kama lilivyo. Mti unaweza kuukwepa: weka madirisha mawili tu kwa kila skrini pepe, na yakizidi uyafanye vichupo. Waliokaa na i3 miaka mingi, ukichungulia skrini zao, wengi wanaishi hivyohivyo.

Swali la nani anaamua linajitokeza tena kwenye usanidi. dwm haina faili la mipangilio kwa maana ya kawaida. Unahariri faili la lugha ya C liitwalo config.h, unaikompaili programu upya, na unaisakinisha. Waandishi wake waliweka mwiko kwamba msimbo wote usizidi mistari 2,000, na walisema waziwazi kwamba programu isiyo na urahisi wa kusanidi itamfukuza asiye mjuzi, nao hawaoni hasara. Anayetaka kitu cha ziada anapaka kiraka, yaani faili dogo la mabadiliko ya msimbo. Viraka viwili vikigusa mstari mmoja vinagombana, na toleo jipya la dwm likitoka, mwenye viraka kumi ana kazi ya jioni nzima. Naona kuna kejeli hapo. Programu ya mistari 2,000 ni ndogo kweli, lakini dwm inayotumika nyumbani kwa mtu ni ile mistari pamoja na viraka vyake, na hiyo hakuna mwingine duniani anayeijua.

Kisa cha nafasi kati ya madirisha kinaonyesha mvutano huu vizuri zaidi. i3 iliundwa kutumia kila nukta ya skrini, na kwa miaka waandishi wake hawakuweka njia ya kuacha mapengo kati ya vigae. Mapengo hayana kazi, yanapunguza tu nafasi. Watumiaji waliyataka, kwa sababu ndiyo yanayozifanya picha zile zipendeze. Ikatokea nakala tofauti ya programu iitwayo i3-gaps, ikapendwa mno, hata mifumo kadhaa ya Linux ikawa inaisambaza. Januari 2023, i3 toleo la 4.22 likayakubali mapengo ndani ya programu mama. Miezi michache kabla, mwaka 2022, ilikuwa imetokea Hyprland, yenye vigae pamoja na kona za mviringo, ukungu nyuma ya madirisha na madirisha yanayoteleza kwa madoido. Kile kilichoanza kama kuondoa mapambo kikawa na mapambo mengi kuliko mifumo kiliyoikimbia. Simlaumu anayeyapenda, mtu akipenda skrini yake atakaa nayo. Ila lisiitwe jepesi.

Na wepesi wa kweli nao una gharama ambayo haisemwi sana. Mazingira kamili ya eneo-kazi kama GNOME au KDE hufanya kazi nyingi bila kujitangaza. Ukiyaondoa na kubaki na i3 tupu, unagundua moja baada ya nyingine. Vitufe vya mwangaza wa skrini havifanyi kitu. Flashi ukiichomeka haifunguki. Ujumbe wa betri kuisha haukutokea, kompyuta imezimika tu. Ukifunika kompyuta mpakato na kuifunua, haikuuliza nywila. Programu inayohitaji ruhusa ya msimamizi wa mfumo inakataa kimyakimya, kwa sababu hakuna kilichoonyesha kisanduku cha kuandikia nywila. Kila moja ina dawa yake: brightnessctl kwa mwangaza, dunst kwa arifa, xss-lock na i3lock kwa kufunga skrini, udiskie kwa flashi, wakala wa polkit kwa ruhusa. Kila dawa ni mstari mmoja wa usanidi. Lakini mtu lazima ajue kwamba ugonjwa upo, na kwa kawaida hujua siku unapomuuma.

Mfano mbaya zaidi ni projekta. Umesimama mbele ya kikao, umechomeka waya, na ukutani hakuna kitu. Kwenye Windows ungebonyeza vitufe viwili na kuchagua. Kwenye i3 tupu unahitaji amri ya xrandr yenye jina la tundu, kama HDMI-1 au DP-2, na kuiandika huku watu wanakutazama si jambo la kutamani. Mwenye busara huwa ameshaweka autorandr, au kwenye Sway programu iitwayo kanshi, akaijaribu nyumbani. Kwa hiyo kazi haikupungua. Ilihama kutoka kwa waandishi wa GNOME ikaja kwako, na kutoka siku ya kikao ikaenda, kama ulikuwa na bahati, kwenye Jumamosi moja iliyotangulia.

Ndiyo maana sipendi ushauri wa kunakili usanidi wa mtu mwingine mzimamzima. Mafaili haya, yanayokaa kwenye folda zilizofichwa kwa nukta mwanzoni mwa jina, hushirikishwa bure kwa maelfu, na kishawishi ni kikubwa: pakua, endesha, na skrini yako iwe kama ya kwenye picha. Unachopata ni majibu ya mtu mwingine kwa maswali ya mashine nyingine. Skrini yake ina upana wa nukta 3,440, yako ina 1,366. Yeye yuko kwenye Arch Linux, mfumo usio na matoleo bali huboreshwa mfululizo. Kwa anayenunua bando, wiki mbili za maboresho ya Arch zinaweza kumaliza kifurushi ambacho kingemtosha miezi kwenye Debian.

Kibodi ndiyo inayowanasa wengi wa upande wetu wa magharibi. Mtumiaji wa Kiswahili aliye Dar es Salaam au Mombasa ana bahati, maana kibodi ya Kimarekani inaandika Kiswahili chote bila nyongeza, ng' ikiwemo. Lakini Lubumbashi, Goma na Bujumbura zimejaa kibodi za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, ambazo tarakimu juu yake hupatikana kwa kushikilia Shift. Kitufe kinachotoa 1 kwingine, pale hutoa alama ya &, na cha 2 hutoa é. Sasa kumbuka ule mstari wa $mod+2. Uliandikwa na mtu ambaye kwake 2 ni kitufe kimoja, na Shift ameihifadhi kwa amri nyingine, ya kulihamisha dirisha. Kwa mwenye AZERTY amri hizo mbili zinakanyagana, na anwani zote kumi zinavurugika kwa mpigo. Cha kufurahisha ni kwamba i3 ilishalifikiria jambo hili: ukiianza mara ya kwanza bila faili lolote, inatazama mpangilio wa kibodi uliopo na kuandika usanidi unaolingana nao, ampersand mahali pa 1, eacute mahali pa 2. Sway ina chaguo la --to-code linalofuata mahali kitufe kilipo badala ya herufi iliyochapwa juu yake. Aliyenakili faili la mtu hapati lolote kati ya hayo.

Ukubwa wa skrini nao una sheria zake. Nukta 1,366 zikigawanywa mara mbili, kila upande unapata 683. Terminali ya safu 80, kila herufi ikiwa na upana wa nukta 8, inahitaji 640: inaingia, na nafasi inabaki. Kivinjari kwenye nukta 683 huonekana na tovuti nyingi kama simu kubwa au tableti ndogo, menyu inakunjwa kuwa mistari mitatu pembeni. Kwenye skrini hiyo vigae viwili ndio mwisho, na mtindo wa vichupo unafaa kuliko mgawanyo. Kwenye skrini pana mno tatizo ni kinyume: dirisha moja pekee linanyooshwa ukuta mzima, na mstari wa maandishi unakuwa mrefu hata jicho linapotea likirudi mwanzoni.

Kuna watu ambao vigae haviwafai, na ni vyema kusema hivyo bila kuzunguka. Mchoraji anayetumia GIMP au Inkscape siku nzima yuko na kipanya au kalamu mkononi. Kibodi kwake ni msaidizi. Kompyuta ya familia au ya ofisi inayotumiwa na watu watatu isiguswe. Na wengi wanaohitaji robo tu ya faida hii wanaweza kuipata bila kuhama: anayeshinda kwenye terminali ana tmux, inayogawanya terminali moja kwa vigae ndani ya mfumo wowote, Windows 11 ina mipango ya kubana madirisha, na PowerToys huongeza kanda za kujichorea, macOS ilipata kubana kwa vigae mwaka 2024. Kwa macOS kuna pia yabai, lakini baadhi ya kazi zake hudai kinga ya mfumo ipunguzwe. AeroSpace inakwepa hilo kwa kutengeneza skrini pepe zake yenyewe na kuyasukuma madirisha yasiyotakiwa nje ya kingo za skrini. Ujanja huo unanivutia, kwa kuwa unathibitisha hoja: mwandishi wake hakuridhika na vigae tu, alitaka namba.

Chini ya yote haya ardhi inasogea. X, mfumo wa madirisha uliozaliwa MIT mwaka 1984, ulikataa kwa makusudi kuamua sura ya eneo-kazi. Uliiachia programu ya nje, na ndiyo sababu mtu mmoja nyumbani kwake aliweza kuandika msimamizi wake wa madirisha kwa mistari mia kadhaa. Programu hiyo ikianguka, madirisha yanabaki. Unaiwasha tena na kuendelea. Wayland, mrithi wake ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, uliunganisha seva na msimamizi kuwa programu moja. Faida ya usalama ni kubwa: chini ya X programu yoyote inaweza kusoma vitufe unavyobonyeza kwenye dirisha jingine, nywila ikiwemo, na Wayland imeziba tundu hilo. Gharama ni kwamba anayetaka kuandika msimamizi mpya sasa anaandika seva nzima, na ikianguka, kazi yote inaanguka nayo. Ilibidi ipatikane maktaba ya wlroots, iliyotokana na Sway ya Drew DeVault, ili mzigo huo ubebwe kwa pamoja. Sway 1.0 ilitoka Machi 2019, nayo inasoma faili la usanidi la i3 karibu lote. Kwa dwm na xmonad hakuna njia fupi kama hiyo. Red Hat wameshaiondoa seva ya Xorg, inayobeba X, kwenye toleo lao la 10 la mwaka 2025, na wengine wanafuata. Leo anayechagua dwm kwa kazi ya miaka kumi ijayo anapaswa kujua anachochagua.

Katika kizazi cha Wayland, inayonifikirisha zaidi ni niri, kwa sababu inabishana na msingi wenyewe. Haimegi skrini. Madirisha hupangwa kwenye safu moja ndefu isiyo na mwisho inayosogea kushoto na kulia, na dirisha jipya likifunguliwa halibadilishi ukubwa wa yaliyopo hata kidogo. Linaongezwa tu upande wa kulia, na skrini inateleza kulifuata. Ule ubaya wa kivinjari kubanwa hadi nukta 683 unakwisha. Mtego wa mti wa i3 haupo kabisa. Lakini dirisha la sita kutoka kushoto halina anwani: ukifunga la tatu, la sita linakuwa la tano. Skrini pepe zenyewe hutokea na kutoweka kadiri zinavyojaa na kubaki tupu, kwa hiyo namba 2 ya asubuhi huenda ikawa namba 3 ya mchana. Waandishi wake wameweka njia ya kuzipa baadhi ya skrini pepe majina ya kudumu, na nimeona kwamba waliotoka i3 hilo ndilo la kwanza wanaloliandika kwenye faili lao jipya, kabla ya rangi na kabla ya mapengo.